Bibi Aliyefagia Jumba Linalouzwa

Nichekeni mkitaka, lakini haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa dalali mmoja mjini. Siku hiyo akanituma mbele ya Gongo la Mboto, kwenye jumba la ghorofa aliloliacha Mjerumani wakati wa vita, na msitu wake mkubwa nyuma. Lilikuwa linauzwa. Kazi yangu ilikuwa kukagua vyumba na kuandika kama kuna mtu anakaa humo, maana mnunuzi alitaka nyumba tupu.

Nikafika jua la utosi. Mlango uko wazi. Basi mie, kwa mazoea tu, nikapiga hodi. Nani anapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu? Mie huyo.

"Karibu!" sauti ikajibu.

Ndani nikamkuta bibi kizee, kajifunga kaniki, anafagia ukumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuza?"

Nikababaika. Nikamwambia nimekuja kuandika tu.

"Basi andika kwamba nipo. Mie nimezaliwa hapa kabla hawajajenga. Sina pengine pa kwenda."

"Nitaandika, bibi. Haki ya Mungu."

Akashukuru, akaendelea kufagia. Nilipogeuka nitoke, ndipo nikaitazama sakafu. Vumbi la miaka, nene, na nyayo zilizokuwamo ni za viatu vyangu peke yake. Nikageuka tena: bibi hayupo, ila ufagio bado unasikika. Niaminini, nilikimbia hadi barabarani, kofia nikaiacha huko huko.

Kesho yake dalali akaniuliza, "Kuna mtu?" Nikawaza, mzimu nao ni mtu? Nikisema yupo nitaonekana mlevi, na kazi itaota mbawa. Nikaandika: Hamna mtu. Jumba likauzwa, msitu ukafyekwa.

Wiki haikuisha. Nyumbani kwangu Buguruni, magharibi inaingia, tukasikia hodi. Mke wangu yuko jikoni, naye kwa mazoea akaitikia, "Karibu!" Nikaenda kufungua. Hapakuwa na mtu. Kofia yangu tu, imewekwa kizingitini, imepanguswa vumbi.

Tangu hapo kila alfajiri tunakuta ua umefagiwa. Tumehama mara mbili, na huko nako unafagiwa. Hajatudhuru hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Naona aibu kuliko hofu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, nyumba tupu usiipigie hodi. Na ukipiga ukajibiwa, chunga sana unachoahidi humo. Maana juzi nilijikaza, nikasimama nyuma ya mlango, nikamwomba, "Bibi, tafadhali, rudi kwako."

Ufagio ukanyamaza.

"Nirudi wapi, mwanangu?" akasema. "Si uliandika hamna mtu?"