Kiti cha Mwanangu Mbele ya Jikoni

Juisi ya marakuja nyumbani kwetu njo kazi yangu. Hakuna muntu aliyenipa hiyo kazi, lakini hakuna mwingine anayegusa chujio. Ninakata marakuja, ninatoa nyama ya ndani kwa kijiko, ninaweka maji kidogo yaliyochemka na kupoa, halafu ninasugua kwa mukono, polepole. Mbegu zisivunjike. Zikivunjika juisi inakuwa chungu, na sukari haifichi. Mujukuu wangu ananishikia beseni. Nimemulea tangu alipoachishwa kunyonya, sababu mama yake anavuka ziwa kwenda Kigoma kununua vitenge, na mwanangu anashinda bandarini.

Lakini mutoto huyo habebi jina langu. Anabeba jina la mama wa muke wa mwanangu, anayekaa Kabalo. Kwetu, muntu mwenye jina lako anakuita majina wake, na akikutaka hakuna anayeshangaa. Likizo kubwa ilipofika, yule mama akashuka kwenye treni na kikapu cha mananasi, akasema amekuja kuchukua majina wake. Nikamufikishia mwanangu, akajibu kwamba mutoto mwenyewe atasema Jumapili kama anaenda.

Mimi nimeona likizo za namna hiyo. Mutoto anaenda na kanguo kamoja, kisha unasikia ameandikishwa masomo huko huko.

Mwanzoni sikuogopa sana. Mama mukwe hawashi moto kwa mukwe wake, hali chakula mbele yake, hata kuangaliana hawaangaliani. Akimusikia tu mwanangu anakohoa mulangoni, anajifunika kikwembe kichwani na kuingia chumbani kwangu, maana tulimulaza kwangu. Nikajisemea, jikoni huyu hana kazi. Sikufikiri kwamba juisi haihitaji moto.

Kesho yake nikamukuta amekaa kwenye kibao changu, anatwanga tangawizi. Nanasi alilikwangua lote, na maganda hakuyatupa: aliyaosha, akayaloweka, akakamulia ndimu, akamimina vyote katika bidoni ya plastiki na kuifukia kwenye muchanga wenye maji nyuma ya nyumba ipoe mpaka jioni. Mutoto alichuchumaa pale kama paka mbele ya samaki. Alipokunywa alifumba macho. Mimi nikaonja pia. Nilitafuta kosa ndani ya kile kikombe mpaka kikaisha.

Tangu hapo ikawa nanasi kila siku. Mutoto akaanza kumuita yule mama Koko, yaani bibi, neno alilokuwa ananiitia mimi peke yangu. Nikamuuliza nyumba hii ina makoko wangapi. Akacheka, akafikiri ninatania.

Jumapili, tuliporudi kusali, nikafanya marakuja beseni nzima, na barafu nikanunua. Halafu nikachukua kiti cha mwanangu, nikakiweka mbele ya jikoni, katikati kabisa ya uwanja.

"Mama, leo kiti changu kimetembea?" akauliza.

"Hapa kuna hewa. Kaa upumzike. Usiamuke."

Akanitazama, akatazama mulango wa chumba changu, akaelewa. Mwanangu si mujinga. Lakini alikaa, sababu mimi njo nilimuzaa.

Basi yule mama akabaki ndani, chini ya mabati, na jua lile. Uwanja ukawa wangu, juisi yangu, mutoto wangu. Nikamujazia kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili, akaenda nacho moja kwa moja chumbani. Akarudi kuomba kingine, nikafikiri sasa hiki ni chake. Akaingia nacho kulekule, na hakutoka.

Mwanangu akasinzia kitini. Mimi nikabaki kufukuza nzi kwenye beseni. Kupitia dirisha nilisikia yote. Yule mama alikuwa anauliza marakuja inafanywa namna gani, na mutoto anamufundisha: maji yapoe kwanza, sukari mwisho, mukono upite polepole.

"Ukivunja mbegu, Koko wa hapa atakuchapa," akasema, wakacheka wote wawili.

Koko wa hapa. Njo nimekuwa hivyo. Na yule mama, badala ya kusifu nanasi lake, akasema hajawahi kunywa kitu kitamu kama hiki. Hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana. Muntu anayekutukana unaweza kumufukuza. Huyu ungemufukuza kwa neno gani?

Jioni mwanangu akamuita mutoto, akamuuliza anaenda ao anabaki. Mutoto akajibu bila kunitazama.

"Ninaenda, Papa. Koko wa Kabalo hajui kusugua, lazima nimuoneshe."

Mwanangu akabeba kiti chake, akaingia kwake. Ndipo yule mama akatoka, kikwembe kimelowa jasho, akaanza kuosha vikombe. Akasema, "Nitamurudisha mbele ya masomo kuanza, Mama."

"Umulete wewe mwenyewe. Usimutume na watu."

Akaitikia. Nikaona haitoshi. Nikamuambia mutoto huyu hapewi tangawizi jioni, inamuchoma tumbo. Akaacha kikombe, akauliza kama hata kidogo. Nikasema hata kidogo, na asisahau.

Si kweli. Mutoto huyo anaweza kutafuna tangawizi mbichi na kulala vizuri mpaka asubuhi. Lakini nilitaka kila jioni, kule Kabalo, mutoto akinyoosha kikombe, yule mama asimame kwanza na kukumbuka nimesema nini.