Raizoni za Seenoi

Mjukuu wangu Seenoi ndiye mtoto wa kwanza wa boma letu, Piyaya, kwenda shule ya bweni ya masista kule Karatu. Ilikuwa miaka ya sabini, vijana wa mjini wanafagia barabara kwa bugaluu, suruali za miguu mipana, na chini wamevaa raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali. Aliondoka anacheka. Likizo ya kwanza akarudi amenuna kama ndama aliyeachishwa ziwa.

"Koko," akasema, maana sisi Wamasai bibi tunamwita hivyo, "sirudi shule bila raizoni."

"Si mna viatu vya shule?"

"Jumamosi kila mtu anavaa vyake. Benedicta, yule ambaye baba yake ni meneja wa hoteli ya watalii, ana raizoni za kila rangi. Mimi najificha chooni mpaka jioni."

Baba yake akataka kuuza mtamba. Nikasema mtamba yule ni wangu, haondoki kwa ajili ya soli. Na mtoto shule anarudi. Nilisema yote mawili, na yote mawili yakawa.

Nikaenda kwa Senteu, mtengenezaji wa makatambuga ya matairi. "Nitengenezee marefu."

"Marefu kwenda mbele au kwenda juu?"

"Juu, Senteu. Mpaka mtoto aone Kenya."

Akapigilia tairi juu ya tairi, la Landrova ya watalii. Seenoi alipoyaona akalia. Alipoyavaa akanizidi kimo. Akaacha kulia, akayatia sandukuni.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Jumamosi alipotokea uwanjani Benedicta akapiga kelele, "Jamani pisheni, Landrova inapita!" Wasichana wote wakapiga honi kwa midomo. Seenoi akawatazama kutoka huko juu.

"Pisheni kweli," akasema, "haina breki."

Akawaendea mbio. Wakatawanyika, lakini raizoni za dukani hazikimbiliki. Benedicta akaanguka chali, soli huku, mguu kule. Wakacheka wote, hata yeye.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi mlinzi akakuta alama za matairi kwenye tope, kutoka chooni mpaka mlango wa bweni. Akakimbia kwa Sista Mkuu: gari limeingia kwa wasichana!

Sista akawapanga mstari. "Gari la nani? Msiposema, wote mnarudi kwenu."

Seenoi alijua akisema viatu vinachukuliwa, na Jumamosi anarudi chooni kujificha. Akatoka mstarini hivyo hivyo, makatambuga miguuni, akatembea kwenye tope mpaka mbele ya Sista.

"Gari ni mimi, Sista."

Sista akatazama alama, akatazama miguu, akajiziba mdomo kwa leso mabega yakimtikisika. Alipopona kicheko akapiga marufuku viatu virefu vyote, vya matairi na vya dukani. Kuanzia siku ile Jumamosi ni viatu vya shule, mtoto wa meneja na mtoto wa mfugaji sawasawa. Benedicta alinuna. Seenoi wangu akaanza kucheza uwanjani.

Likizo akaniletea yale makatambuga. "Siyataki tena, Koko."

Basi nikayavaa mimi. Siku ya shule kufunguliwa alikuwa wa kwanza kupanda lori la Karatu, bila kusukumwa na mtu. Nikapanda nyuma yake kumsindikiza. Akatazama miguu yangu.

"Koko, shuka. Wenzangu watakuona!"

"Na waone."

Sikushuka.