Ujumbe wa Kizungu

Jirani yangu wa Mji wa Kale, anayekaanga viazi vya karai kibarazani pake, alinijia Jumatatu alasiri na simu mkononi. Bintiye, niliyemfundisha Kiingereza shuleni, ana mwaka sasa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani. Kila juma humtumia mamake ujumbe wa sauti kwa Kiswahili. Safari hii alikuwa ameandika, tena kwa Kiingereza.

"Nisomee, mwalimu. Huyu mwana ajua mimi Kizungu sikijui."

Ulikuwa mstari mmoja: wananifanyisha kazi mpaka kufa. Mama wa watu alibadilika uso. Nami, kwa ujuaji wangu, nilicheka. Nilimweleza kwamba Waingereza hufa sana midomoni: hufa kwa baridi, kwa kuchoka, kwa kucheka, hata kwa mapenzi, kisha wakakaa wakanywa chai. Ni msemo tu wa kuonyesha jambo limezidi. Hata sisi husema tunakufa kwa njaa hali chapati ziko jikoni. Mtoto amechoka, basi, na anataka ajulikane kuwa alisoma. Alinishukuru, akanifungia viazi vinne kwenye gazeti. Nilivila kwa raha, nikijiona mtu wa maana.

Siku zilizofuata alipiga simu, haikushikwa. Aliponambia nilimtuliza tena, ingawa maneno yangu yalianza kunitia wasiwasi mwenyewe.

Ijumaa baada ya sala alinipitia uso umekunjuka. Simu imeshikwa, tena na bibi mwenye nyumba. Wamesalimiana vizuri, wameulizana hali za jamaa wote. Binti hajambo, ana shughuli, atapiga akipata nafasi.

"Na yuwasema Kiswahili kama sisi, mwalimu. Nyanyake alikuwa mtu wa Unguja. Nyumba nzima wasema Kiswahili. Moyo wangu umetua."

Wake ulitua, wangu ukapaa. Sisi watu wa pwani tunajivuna kwamba lugha yetu imevuka bahari, na kumpata tajiri anayeijua huko ugenini twaona ni bahati, mtoto hatakuwa mpweke. Sikuwahi kufikiri kwamba katika nyumba kama hiyo mtoto hana lugha ya kulilia. Kila sauti aliyotuma ilikuwa na wasikilizaji. Ndipo akatafuta lugha wasiyoijua, akiamini mamake ataileta kwangu. Ule mstari aliniandikia mimi.

Nikakumbuka insha zake. Nilikuwa nikimkata alama kwa ukavu, maana hakujua kupiga chuku; mvua ya gharika kwake ilikuwa mvua.  Niliichukua simu nianze kumwandikia, nikaandika kumuuliza hali yake, kisha nikafuta yote. Nani angesoma? Simu yake ilikuwa mikononi mwa yule bibi mwenye salamu nzuri.

"Dada," nikamwambia, "nilikosea. Funga mlango twende kwa wakala aliyempeleka, kisha polisi. Mtoto yuko hatarini."

Nilingoja anilaumu. Hakuniuliza hata nilikosea vipi. Alijifunga buibui lake polepole, na aliposema hakuniangalia.

"Basi mwanangu yuwatungoja tangu Jumatatu."