Mkungu wa Ndizi Mlangoni kwa Matroni

Ninyi vijana mliomaliza uuguzi na bado mko nyumbani, nawaandikia. Mnauliza mwombe kazi mara ngapi kabla ya kuonekana wasumbufu. Mimi darasani sikukaa sana, jembe liliniita mapema. Lakini nimeona mtoto akiomba vizuri, na nimeona wakubwa wake wakiharibu. Someni, na mkimaliza wasomeeni baba zenu.

Mjukuu wangu alirudi hapa kwetu Nyakatuntu na cheti chake cha uuguzi. Kulikuwa na hospitali moja, jina lake sitalitaja, iliyohitaji muuguzi mmoja tu, na waliotaka kuwa huyo mmoja walijaa mpaka kwenye ngazi. Yeye alipeleka barua yake. Baada ya hapo, kila mwezi ulipoanza, alivaa viatu vyake vyeusi, akapanda bodaboda, akamsalimu matroni, mkuu wa wauguzi, akauliza kama kuna jipya, akaondoka. Hakulia, wala hakusimulia shida za nyumbani. Mwezi mmoja alipokuwa amejitolea kuchanja watoto zahanati ya jirani, alimweleza hilo pia. Matroni akamjibu, "Endelea." Basi.

Mimi niliona anafanya sawasawa. Lakini nyumba hii ina midomo. Jirani yetu mmoja, mwanamke ambaye kahawa yake huanikwa karibu na yangu ili apate kusikia, alimuuliza mtoto njiani, "Nesi, bado hujaugua vya kutosha wakulaze?" Akacheka mwenyewe. Mtoto aliingia ndani akafunga mlango.

Baba yake, mwanangu wa kwanza, hilo lilimchoma. Akaanza kusema kwamba binti anaomba kizungu, kwamba mtoto asiyelia hapewi ziwa. Nikamwambia anayelia kutwa hata mama yake humweka chini akaenda kulima. Hakusikia. Yule tangu mdogo ukimwambia moto unaunguza anauliza upande gani.

Jumapili moja, kanisa lilipotoka, akamchukua mdogo wake anayekaa Ihanda, wakavaa kanzu na makoti, wakachukua mkungu wa ndizi mnono kuliko yote shambani, kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kilichofunikwa majani, na kahawa ya kutafuna. Mimi nilidhani wanakwenda kuposa mahali, nikawaombea heri. Kumbe wamekwenda nyumbani kwa matroni.

Kwetu huendi kuomba jambo kubwa mikono mitupu, hilo nalijua kuliko wao. Lakini yule mama si wa huku, na kazi si mke. Mdogo mtu akajifanya mshenga. Akaketi, akakohoa, akaanza kwamba wameona ua zuri katika boma hili na wamekuja kuuliza kama lina mwenyewe. Matroni, ambaye hana mume, akadhani wamekuja kumposa. Akauliza mume mwenyewe ni yupi kati yao. Hapo ndipo mwanangu akaona aseme wazi, akataja jina la binti yake.

Alinisimulia mwenyewe, kichwa chini, kwa maana hakuwa na pa kukificha. Mama yule alisimama. Akasema, "Hii ni hongo. Beba vyako." Wakabeba mkungu uleule wakapita nao katikati ya watu waliotoka misa ya pili, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama wanabeba mgonjwa.

Mtoto aliposikia hakumtukana baba yake, ingawa mimi ningemwelewa. Alisema haendi tena. Baba mtu naye akadakia kwamba ni kweli, aiache, atafute mjini. Umeharibu, halafu unashauri! Nilimwambia anyamaze. Kisha nikamgeukia mjukuu.

"Umesomea kuosha vidonda vya watu," nikamwambia. "Leo unaogopa aibu ya ndizi?"

"Bibi, atanifukuza."

"Akufukuze. Ila akufukuze wewe, si mkungu."

Akaenda, peke yake. Alirudi jioni akakaa jikoni karibu na moto, na nikamwacha mpaka aseme mwenyewe. Matroni hakumkaribisha kiti. Mtoto alimwambia kwamba hakuwatuma wale, na kwamba kazi bado anaiomba. Matroni akamtazama, akamjibu, "Nilikuwa nimepanga kukuita. Sasa nikikuita, hospitali nzima itasema nimekula ndizi za baba yako."

Nafasi ile akapewa mwingine. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni mtoto akisimulia, akayasikia yote. Hakuna aliyemwambia pole, wala mimi sikumwambia.

Lakini matroni alisema na jingine kabla hajamruhusu kuondoka. Alisema nafasi zikitangazwa tena aombe kama wengine wote, na asipoomba atajua kwamba aliyetaka kazi ni baba, si binti. Mama yule simpendi, ana ulimi wa wembe. Ila neno hilo ni la haki, na mtoto alilielewa, maana asubuhi yake nilimkuta akipiga dawa vile viatu vyeusi, anakwenda zahanati kujitolea.

Siku hiyo niliwaita wote uani, mwanangu, mdogo wake kutoka Ihanda na wake zao, nikawasimamisha. Nikawaambia: "Asiyeumwa asikanyage hospitali ile. Huyu mtoto ataomba mwenyewe, kwa miguu yake, wakati wake. Akirudi, mpeni chakula, na mtu asimuulize ameambiwa nini mpaka ale ashibe. Sasa chukueni majembe, tokeni."