Senti Yenye Tundu Ndani ya Akwaria Yangu

Kitu cha kwanza nilichokishika ni uzi mweusi.

Mkono wangu ulikuwa umezama ndani ya akwaria, lile tangi la kioo la samaki, hadi kwenye kiwiko, napapasa nyuma ya pampu. Nikavuta. Ikatoka senti kumi ya enzi za mkoloni, ile yenye tundu katikati, imefungwa mafundo saba.

Jamani!

Niwarudishe nyuma kidogo. Naitwa Mashaka. Nakaa Mtoni na mke wangu Hamisa, binti yetu Salma, na mama yangu mzazi, Bi Tabu. Tulikuwa pia na Yustina, dada wa kazi kutoka Masasi, anaingia mwaka wa nne kwetu. Salma alijifunza kutembea mikononi mwake.

Miaka sita nilikuwa nasafisha akwaria ya maji ya bahari kwa bosi mmoja wa Msasani. Alipohama nchi akaniachia yote, samaki, kamba na konokono wa baharini, pamoja na matumbawe laini, yale yanayofunguka kama vidole na kuyumba na maji. Majirani walikuwa wanajaa sebuleni kuyashangaa.

Mwezi wa tatu yakaanza kujikunja.

Yalisinyaa, yakatoa utelezi. Kamba wadogo wakafa wote ndani ya wiki moja, konokono wakafuata. Cha ajabu, samaki wanadunda kama kawaida.

Nikapima chumvi, iko sawa. Joto, sawa. Taa nikazipunguza, nikaziongeza. Nikabadilisha nusu ya maji. Yakafunguka siku mbili, halafu yakalala vibaya kuliko mwanzo.

"Baba Salma, hapa kuna mkono wa mtu," Hamisa akaniambia. Nikamcheka.

Mpaka Jumamosi ile niliposhika uzi.

Hamisa alipoiona ile senti alirudi nyuma hadi ukutani. "Si nilikwambia? Sasa humu ndani mgeni nani? Si huyo huyo!"

Mama alikuwa Mkuranga msibani tangu Jumatano, na wala hakunijia akilini. Mama yako mzazi utamshuku vipi? Nikamwita Yustina. Akaja mbio kutoka uani, mikono ina povu la sabuni.

"Hiki kitu umekiweka cha nini?"

Akakiangalia. "Kaka, mie sikijui."

"Usinidanganye, Yustina. Nani kakutuma?"

"Mie, kaka? Haki ya Mungu..."

"Toka!" Hamisa akamkatisha. "Fungasha nguo zako, nenda kwa wenzio wa kanisani, kesho ukapande basi la Masasi. Na mwanangu usimguse tena."

Salma akaanza kulia, anamfuata. Hamisa akamnyakua.

Mie sikumzuia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nikabaki naigeuza ile senti. Nikaisugua kwa kidole gumba, ikatoka kutu ya kijani, ile ya shaba. Hapo ndipo nikakumbuka bosi alivyonikatazaga kuingiza kitu chochote cha shaba kwenye yale maji. Shaba inayeyuka kidogo kidogo. Samaki wanavumilia, ila kamba, konokono na matumbawe inawamaliza.

Kumbe si uchawi, ni sumu! Badala ya kupoa, nikazidi kupandwa na hasira. Nikaona huyu binti ni hatari kuliko nilivyodhani.

Yustina alikuwa ameshafika mlangoni na begi lake, mama naye ndiyo anashuka kwenye bajaji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na begi wapi?"

Mama akaingia ndani, macho yake yakatua mezani, nilipokuwa nimeiweka ile senti.

"Nani kaitoa?"

"Mama, unaijua?"

"Nisiijue vipi, nimeiweka mie! Wewe mwenyewe umeivaa shingoni mpaka meno yakaota. Watu wanajazana humu wanayatolea macho maua yenu, nyie mmekaa tu bila kuweka kinga ya kijicho. Nilipoona yanazidi kunyong'onyea, nikaongeza na ya dada yako."

Nikazamisha mkono tena. Ya pili ilikuwa chini ya jiwe, kijani tupu.

Hamisa akakaa chini. Nilipomweleza mama kilichotokea, akajifunika kanga usoni akalia. Mie nikatoka barazani, nikampigia magoti Yustina.

"Nisamehe, dada'angu. Rudisha begi ndani."

"Nimekusamehe, kaka. Ila kukaa siwezi. Leo mmeona senti. Kesho Salma akiugua je?"

Akamuaga mama, akaondoka.

Nikaweka mkaa wa kuchujia, nikawa nabadilisha maji kila siku tatu. Wiki ya tano matumbawe yakafunguka yote. Majirani wamerudi kuyashangaa. Salma kila akiamka anaenda jikoni, anaita, "Yuti! Yuti!"

Nyie mnaoishi na wadada wa kazi, nawaomba. Likitokea jambo nyumbani, waulizeni kwanza ndugu zenu wa damu. Sie tulimvamia yule mmoja ambaye hakuwa na ndugu mjini wa kumtetea.