Saa Aliyoirekebisha Marehemu

Mume wangu alikuwa fundi wa maabara kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo alitoka nyumbani kwetu Bagira saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ilhali kazi ilianza saa mbili. Nilipomwuliza anakimbilia nini, alijibu, "Naenda kuamusha saa." Nililichukua jibu hilo kuwa dhihaka. Mwanamke anayejibiwa hivyo mwaka baada ya mwaka huanza kutafuta jina la mwanamke mwenzake. Sikulipata. Lakini chai yake ya asubuhi niliacha kuipasha moto, na sikuanza tena mpaka alipofariki, siku ya Alhamisi, siku tisa baada ya kuzidiwa kazini, Jumanne ya juma la tatu la Kwaresima.

Siku hizo nazijua barabara kwa sababu niliingia shule nikiwa mtu mzima. Nilianza sekondari nikiwa na miaka thelathini na sita, dawati moja na rika la binti yangu. Aliyechelewa hivyo hana cha kujivunia isipokuwa usahihi. Hakuna ukurasa katika daftari zangu usio na siku na saa pembeni.

Mwaka wa pili wa ujane ulinikuta chuo kikuu, nikiandaa kazi ya kumaliza masomo katika maabara ileile. Nilichunguza ugonjwa unaokunja majani ya muhogo. Alhamisi ya pili ya Septemba nilivuka kwenda kisiwa cha Idjwi kwa boti ya mota, nikachuma majani katika mashamba sita, nikarudi nayo yamefungwa katika karatasi kavu. Jumatano iliyofuata, mashine ilisoma ADN, yaani DNA, ya virusi vilivyokuwamo.

Watu hudhani mashine hiyo hutoa herufi. Kwanza hutoa mawimbi: mistari ya rangi nne inayopanda na kushuka, kila rangi ikisimama badala ya herufi moja kati ya nne za ADN. Herufi ni tafsiri tu ya mawimbi hayo. Vyote hufungwa pamoja katika faili moja ambalo jicho la mtu haliwezi kulisoma. Unahitaji kiolesura, yaani seti ya amri ambazo programu yako huzitumia kulihoji faili: nipe herufi, nipe mawimbi, nipe kiwango cha uhakika wa kila herufi. Nalo hujibu lile tu lililoulizwa. Mimi niliuliza herufi na mawimbi. Msaidizi wa profesa mkuu wa maabara, daktari wa sayansi aliyekuwa amerejea kutoka ng'ambo, aliuliza tarehe.

Aliuliza mbele ya jopo zima, siku ya kutetea kazi yangu, Jumatatu ya kwanza ya Juni.

"Maman, haya majani ulichuma lini?"

"Alhamisi ya pili ya Septemba iliyopita."

"Faili inasema mashine iliyasoma tarehe moja Janvier, miaka kumi na tano ya nyuma. Ulichuma mihogo mbele hata ya kuingia sekondari?"

Walicheka. Mjumbe mmoja akaongezea, "Tena siku ya Bonane! Wengine wako mu misa, maman iko mu labo."

Profesa hakucheka. Aliinama juu ya karatasi, akasema polepole, "Maman, haya mafaili iko ya nani?"

Kila mtu chumbani alielewa maana ya swali hilo: kwamba nimechukua kazi ya mtu mwingine nikaivika jina langu. Nilionyesha daftari langu. Daftari, walisema, mtu yeyote anaweza kuliandika. Nikapewa majuma matatu. Nikishindwa kuthibitisha kwamba mafaili ni yangu, kazi ingefutwa, na mimi ningeondolewa katika orodha ya wanafunzi.

Niliamua kujifunza kuuliza kama alivyouliza msaidizi. Maelezo ya kiolesura kile yalikuwa kwa Kiingereza, lugha ninayoisoma nikishika kamusi mkononi, kwa hiyo kila amri niliinakili kwa kalamu kabla ya kuigusa kwenye kompyuta. Juma la tatu lilipoanza nilikuwa na programu ya mistari tisa. Sikuitumia kwa mafaili yangu peke yake. Niliipa mafaili yote ya maabara, ili nipate tarehe iliyo ndani ya kila moja, kisha nikaiweka kando ya tarehe iliyoandikwa katika rejista ambamo kila mtumiaji wa mashine hutia sahihi.

Tangu mwanzo, safu mbili zilikwenda sambamba bila kupishana hata siku moja. Zikafika Jumanne fulani. Kuanzia kesho yake, kila faili la kila mtu lilikuwa limesomwa siku ya Bonane, mwaka uleule wa zamani.

Sikuhitaji kalenda kuijua Jumanne ile ya Kwaresima.

Kompyuta inayoiendesha mashine ina betri ndogo, saizi ya kifungo cha shati, inayoitunza saa wakati hakuna umeme. Ilikuwa imekufa kitambo. Kila jioni mlinzi alizima umeme wa jengo, na kila asubuhi saa ile ilizaliwa upya siku ya Bonane. Katika droo ya marehemu nilikuta nakala ya barua aliyoiandika mwaka wake wa kwanza kazini, akiomba betri. Jibu halikuwamo. Basi akawa anairekebisha saa kwa mkono, kabla hawajafika wenye vyeo. Nilikaa kwenye kiti chake nikiikumbuka ile chai.

Jopo lilipokutana tena, niliwagawia orodha.

"Prof, naomba utazame mustari wa arobaini."

Alitazama. "Hii iko yangu."

"Iko yako, Prof. Ni ile uliyoitoa mu makala. Nayo ilisomwa siku ya Bonane."

Safari hii hakucheka mtu.

Katibu aliandika: saa ya mashine ilikuwa na kasoro, kazi inakubaliwa. Nikaomba waongeze sentensi moja tu, kwamba mpaka Jumanne ile palikuwa na mtu aliyeirekebisha kila asubuhi.

"Maman," profesa alisema, "hiyo haiko science. Tia sahihi, tuende."

Nilitia sahihi. Shahada ni yangu, na sahihi ile pia ni yangu. Sina wa kumsukumia lawama.

Walipokuwa wanakusanya karatasi, msaidizi alinigeukia kwa uso mkunjufu. "Sasa maman, kwa kuwa wewe uko unajua mambo ya hiyo saa, ukuwe unapita asubuhi mbele ya sisi kufika, kuipanga, si ndiyo?"

Vichwa vilitikiswa kukubali, kana kwamba neno limekwisha.

"Mwenye kuipanga alikufa," nilimjibu. "Mutafute betri."

Waliiweka Ijumaa iliyofuata. Nilisimama mlangoni nikiitazama saa yangu ya mkononi. Iliwachukua dakika saba, pamoja na muda wa kutafuta bisibisi.