Machozi ya Salfa

Chekeni tu. Mke wangu ameshacheka mpaka mbavu zinamuuma, na mimi nimeona bora niwasimulie mwenyewe kuliko mje kuisikia stendi ya Ruangwa ikiwa imeshatiwa chumvi (nasikia huko wanasema nilizimia, sikuzimia). Mimi ni mzee wa kanisa hapa Mbekenyera, mtu wa tai na koti, na aibu iliyonipata nilijitengenezea kwa mikono yangu miwili.

Kwanza mjue Jumapili ile haikuwa ya kawaida, kulikuwa na shauri la Mama Stela. Huyu ni mwanakwaya wetu, mjane, anaishi na binti yake mdogo huyo Stela, na Stela alipopata degedege mama yake alimfunga mgongoni akakimbia naye kwa mganga wa kienyeji, njia ya Chinongwe. Mtoto akapona (zahanati wanasema ni dawa yao aliyopewa kesho yake, mganga anasema ni yake, hayo tuwaachie wenyewe). Habari ikafika kanisani, baraza la wazee likakaa, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba atengwe, asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, ni mimi hapa. Nikapewa na mahubiri ya siku hiyo niwaandae watu, halafu mchungaji anayetoka Ruangwa mjini asome tangazo la kumtenga. Nilijiandaa wiki nzima, nilitaka watu watetemeke.

Sasa alfajiri ya Jumapili yenyewe nasikia hodi. Ni jirani yangu Bakari, mashine ya kupulizia salfa mgongoni. Mashine ni yake, tunaizungusha shamba kwa shamba msimu wa maua ya mikorosho.

"Mzee Lukasi, zamu yako," akasema. "Ukiiacha leo naipeleka Marambo kwa shemeji, mpaka wiki ijayo tena."

Wiki ijayo! Ubwiri unga, ule ukungu mweupe, ulikuwa umeshaanza kuyala maua yangu, na mkulima wa korosho akisikia ubwiri unga hata sala anaikatiza. Dawa yake ni salfa, nayo hupulizwa asubuhi mapema kukiwa na umande na upepo umetulia, na ibada ni saa nne, basi nikajiambia nipulize ile mikorosho ya nyuma ya nyumba tu, nani atajua? Na ili nisipoteze muda nikavaa kabisa suruali na shati la kanisani, juu yake ovaroli, na koti nikalitundika kwenye tawi la mkorosho wa kwanza, leso ikiwa mfukoni mwake (lile koti, jamani, na ile leso).

Mke wangu akatoa kichwa mlangoni. "Baba Neema, hilo koti liingize ndani."

"Upepo umelala," nikamjibu.

Upepo ukaamka. Uliamka nikiwa katikati ya kazi, ukaligeuza lile wingu la unga wa njano likanirudia mwenyewe, likapita juu yangu, likaenda kulikumbatia koti. Nikamaliza hivyo hivyo kwa ubishi, nikajimwagia kopo moja la maji usoni, koti nikalikung'uta mpaka nikaona limekuwa jeusi tena, nikapanda bodaboda. Mke wangu alikuwa ameshatangulia kwa hasira.

Kanisani nikamwona Mama Stela benchi la mwisho kabisa, karibu na ndoo ya maji ya kunywa pale mlangoni, Stela mapajani. Benchi zima wako wawili tu, na mabenchi mengine watu wamebanana. Nikasema moyoni, vizuri, wameshaelewa.

Nikapanda mimbarani. Ndani joto la bati, na mimi nikishaanza kuhubiri huwa natoka jasho hata kipupwe. "Kuna ziwa!" nikapaza sauti nikijipiga kifuani, na vumbi la njano likapaa kutoka kwenye koti. "Ziwa la moto na kiberiti!" (na hicho kiberiti cha Maandiko ndiyo hiyo hiyo salfa yetu). Benchi la mbele alikaa Bibi Raheli, mama mtu mzima anayekijua Kimwera kuliko Kiswahili, akainua pua juu, akanusa, akasema kwa sauti:

"Ee baba, mbona harufu yake imefika?"

Watu wakaangaliana. Mchungaji mwenyewe nikamwona ananusa. Kijana mmoja aliyezoea kusinzia akakaa wima, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni mahubiri yanaingia.

Jasho likanitiririkia machoni, nikatoa leso. Nikajipangusa. Jamani! Macho yaliwaka, nikajifuta zaidi, yakawaka zaidi, yaani nilikuwa kama mtu anayezima moto kwa mafuta ya taa. Machozi yakaanza kumwagika, pua nayo haikutaka kubaki nyuma, na koo likafunga. "Na huyu dada yetu..." nikasema, sauti ikakatika hapo hapo.

"Mzee analia," nikasikia mama mmoja.

"Anamlilia Mama Stela," mwingine akajibu, na yeye ameshaanza kuvuta kamasi.

Nilitaka kusema silii! Sauti haitoki. Akilini nilikuwa na neno moja tu, maji, na maji yako kule nyuma mlangoni. Basi nikashuka, macho nimefumba, mikono mbele, napapasa benchi hadi benchi, watu wananipisha huku wanalia, na kwaya (hawa nao!) wakaanzisha pambio la taratibu. Nikafika karibu, mguu ukajikwaa, nikaenda chini kwa magoti, na mikono yangu ikashika miguu ya mtu. Nikafungua jicho moja. Mama Stela.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alijua vizuri nilichokuja kusema juu yake, kijiji kizima kilijua. Lakini aliinama, akachovya pindo la khanga yake kwenye ndoo, akanifuta macho, hili kisha hili, kama anavyomfuta Stela. "Pole, Mzee," akasema. "Pole. Usifikiche."

Hapo kanisa likapasuka kwa kilio. Kina mama wakajaa kwenye lile benchi, wanamkumbatia, na mwenyekiti wao akawa anapiga kelele, "Mtoto aliumwa na sisi hatukufika! Hatukufika!" Na ilikuwa kweli. Uji aliletewa na mke wa Bakari, na hao ni Waislamu. Sisi wa kanisani tulimpelekea wito wa baraza. Mchungaji akasimama na karatasi yake, akaitazama, akaikunja akaitia mfukoni. "Nilikuja na tangazo," akasema. "Sina tena tangazo. Mzee Lukasi amehubiri."

Amehubiri! Baada ya ibada nilishikwa mkono mpaka ukauma, na mchungaji akanialika semina Nachingwea, niwaeleze watu wa huko jinsi nilivyoguswa. Nikaitikia ndiyo. Mke wangu aliyekuwa pembeni ilibidi aende nyuma ya kanisa kucheka.

Ila wiki ile sikuwa na raha, nawaambia kweli. Watu wanapita na unga na kuku kwenda kwa Mama Stela, wakinikuta njiani wananishukuru mimi, mimi niliyekuja kumtupa nje! Niliona haya mpaka chakula hakipiti. Mwisho nikaenda kwake. Nikamkuta anapepeta ufuta, nikamwambia yote, koti, leso, upepo. "Mama, sikuwa nakulilia. Nilikuja kukutenga."

Alicheka mpaka ungo ukamtoka mkononi. "Mzee Lukasi, mimi nimezaliwa chini ya mikorosho. Ulivyopanda tu mimbarani nilijua hiyo ni salfa."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Akaacha kucheka. "Wewe ulilia salfa. Wenzako walilia kweli. Ningesema, wangenyamaza."

Mchungaji naye nimemweleza, amecheka sana, amesema Nachingwea niende vilevile, ila bila koti. Lakini siku ile pale kwa Mama Stela nilikaa chini nikachukua ungo wa pili, nikapepeta vibaya, ufuta nusu ukamwagika, na nikaapa: nikisikia tena mtu wetu ameanguka, kabla sijafungua mdomo nitakwenda kwake kwanza. Na nikifika nikashindwa kulia, basi nitakaa naye tu.